Waliopandikizwa fizi miaka mingi iliyopita, hali ikoje sasa? Mrejesho wangu baada ya miaka 9

Chonge la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kabla sijapanda kile kiti cha daktari nilisoma kila nilichokipata kuhusu kupandikiza fizi, yaani kushonewa nyama pale fizi iliposhuka ikauacha mzizi wa jino wazi. Karibu kila aliyeandika alikuwa siku ya tatu au ya nne: shavu limevimba, usingizi hana, anaapa kwamba hata kwa bunduki harudii. Halafu anapotea. Harudi kusema ile fizi ilikaa, kiraka kina rangi gani, kaakaa lilipona au bado linamsumbua. Na mimi nilifanya hivyohivyo. Niliandika siku ya sita nikalia weee, kisha nikawaacha watu kwenye mataa. Leo nimekuja kulipa deni.

Nimepandikizwa mara mbili. Ya kwanza ni miaka 9 iliyopita, meno mawili ya mbele ya chini. Hapo daktari alichuna ngozi ya juu kabisa ya kaakaa, kipande kama ukucha wa kidole gumba, akakishonea mbele ya yale meno. Ya pili ni miaka 6 iliyopita, chonge la juu kushoto. Safari hii alipasua kaakaa mstari mmoja tu, akaingia chini ya ngozi, akatoa nyama ya ndani, akafunga mlango wake kwa uzi. Ile nyama akaichomeka chini ya fizi yangu mwenyewe, kisha akaivuta fizi ifunike vyote. Kwa hiyo mdomoni nina aina zote mbili na naweza kulinganisha.

Nianze na chonge. Mzizi ulikuwa nje milimita 4, alipima kwa kile kijiti chenye alama. Nikivuta hewa ya baridi kwa mdomo nilikuwa nasimama njiani nashika shavu. Leo fizi iko palepale alipoiacha, rangi moja na jirani zake, na daktari mpya niliyehamia hakujua kama pameshonwa mpaka nilipomwambia. Maji ya barafu nakunywa.

Chini ni hadithi nyingine. Mzizi haukufunikwa wote siku ile, na nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba lengo lilikuwa kuweka fizi nene na ngumu ili mmomonyoko usimame, kufunika kungekuwa bahati. Kipande chenyewe kilinywea kidogo miezi ya mwanzo nikaona nimeliwa. Halafu, bila mtu kukigusa, ukingo wa fizi ukaanza kupanda polepole kulifuata jino. Mwaka ulipoisha ulikuwa umeongezeka kama milimita moja. Tangu hapo umetulia. Rangi lakini haijakubali: ni ya waridi iliyopauka, kama kiraka cha suruali kilichoshonwa vizuri kwa kitambaa cha nguo nyingine. Mdomo wa chini unakificha. Nikiuvuta mbele ya kioo nakiona, na miaka hii yote bado nakiona kitu cha kigeni.

Kaakaa: lile lililochunwa liliuma kuliko mdomo wote. Wiki mbili nilikuwa naongea kama nimeficha kitu mdomoni. Lile lililopasuliwa mstari, siku ya tano nilikuwa nimeshalisahau.

Sasa jambo lililonifanya nifungue uzi. Kabla ya kunishona mara ya pili daktari alinipa mswaki akasema, "Piga kama unavyopiga nyumbani." Nikapiga. Akaniangalia, akashusha pumzi, akasema, "Hivyo ndivyo unavyosugua sufuria." Mimi natumia mkono wa kulia, na chonge la kushoto ndilo linalopokea nguvu yote mkono unapokata kona. Mswaki wangu ulikuwa unachanua nywele kama ua ndani ya wiki tatu, na miaka yote nililaumu aliyeutengeneza. Upasuaji wenyewe ulichukua saa moja na kitu. Mkono umenichukua karibu mwaka mzima kuufundisha, na nikiamka nimechelewa bado najikuta nimeushika mswaki ngumi nzima.

Waliopita hapa, miaka mitano na kuendelea, njooni mseme. Wa siku ya tatu mnakaribishwa pia, ila mrudi.

Msomaji Kimya

Natia nanga. Chai yangu hii hapa.

Kiti cha Mwisho

Uzi bila picha ni stori tu mkuu.

Chonge la Kushoto

Picha ya fizi zangu uione kisha ule vipi?

Neema ya Pili

Mleta uzi umekuja kama umetumwa. Nina miadi baada ya wiki mbili, meno matatu ya juu kulia. Mimi kinachoninyima usingizi si fizi, ni kaakaa. Nikifikiria kisu pale juu miguu inakufa. Pia kuna rafiki yangu kaniambia niache, nitumie dawa ya meno ya wenye meno yanayosisimka, basi. Je, nikiacha itakuwaje?

Zamu ya Usiku

Miaka 7, meno manne ya juu kwa mkupuo mmoja. Mimi sikukatwa kaakaa. Daktari alitumia ngozi iliyochangiwa na mtu mwingine, iliyosafishwa ikaondolewa chembe hai zake zote ikabaki kama kitambaa cha kolajeni, ile protini ya ngozi. Faida yake niliiona wiki ya kwanza: jeraha moja tu badala ya mawili, siku ya tatu niko kazini.

Niseme ukweli wa baadaye. Mwaka wa kwanza zote nne zilikuwa safi, nilikuwa nacheka mpaka magego yanaonekana. Mwaka wa tatu jino moja likaanza kujivua, sasa liko wazi kama milimita moja na nusu. Mwanzo lilikuwa tatu. La pembeni yake kama nusu milimita. Mawili yaliyobaki hayajasogea. Daktari anasema nyama yako mwenyewe ya kaakaa ndiyo inayoaminika zaidi kwa muda mrefu, hizi nyingine zinapunguza mateso lakini ukingo wake huwa unarudi nyuma kidogo miaka ikisonga. Ningechagua tena? Kwa meno manne kwa wakati mmoja, ndiyo, maana kaakaa lina mpaka, huwezi kulichuna lote. Kwa jino moja ningekubali kisu.

Mwanamke wa Kioo

Mimi niwe yule asiyefurahi, maana naona mnasifia tu.

Miaka 5 iliyopita nilipandikizwa jino la mbele la juu, la pembeni ya yale mawili makubwa. Kwa vipimo kazi ilifanikiwa, mzizi umefunikwa. Lakini nyama iliyowekwa ilikuwa nene. Ilipopona ikabaki imetuna kama tairi dogo juu ya jino. Ulimi ulikuwa unaliendea usiku na mchana. Nikicheka kwenye picha, macho yangu yanakwenda pale kwanza. Kila mtu aliniambia haonekani, mpaka mtoto wa dada yangu akaniuliza, "Shangazi, umeng'atwa na nyuki?"

Nilisubiri mwaka mmoja kwa sababu niliambiwa itajipunguza. Ilijipunguza kidogo. Baada ya hapo nikarudi, akanipiga sindano ya ganzi, akaichonga juujuu kwa dakika chache hivi. Siku kama kumi pakapona. Sasa ni asilimia tisini sawa. Ninachojuta si upasuaji, ni kwamba hakuna aliyeniambia mapema kuwa kuchongwa baadaye ni jambo la kawaida kabisa. Ningeambiwa, ule mwaka nisingeuishi na kioo cha mkoba.

Chonge la Kushoto

Shangazi wa nyuki, pole, ila umenichekesha kwa sauti. Na umesema kitu muhimu. Mimi pia sikuambiwa habari ya rangi. Ukiuliza "itapona?" unajibiwa itapona, na ni kweli. Swali lilitakiwa kuwa "itafanana?"

Neema, kuhusu kaakaa, uliza ni aina gani wanakufanyia. Kama ni ya mstari mmoja, punguza hofu kwa nusu. Kama ni ya kuchuna, omba wakutengenezee kile kibandiko cha plastiki cha kuvaa juu ya kaakaa. Mimi sikuwa nacho mara ya kwanza. Kila kilichopita mdomoni kilipita juu ya kidonda.

Mshika Taa

Nafanya kazi upande wa meno, si daktari bingwa wa fizi, ila nimesimama pembeni ya kiti na taa mkononi kwa operesheni hizi nyingi. Naomba nieleze hiyo rangi maana watu huwa wanadhani daktari aliharibu.

Ngozi ya juu ya fizi haijiamulii iwe ya namna gani. Inaamrishwa na nyama iliyo chini yake. Ukihamisha nyama ya kaakaa ukaipeleka mbele ya meno, itaendelea kuzalisha ngozi ya kaakaa maisha yote: nene, ngumu, imepauka. Wapo waliochukuliwa kipande karibu na ile mikunjo ya mbele ya kaakaa, na mikunjo ikahamia nayo, leo wana mistari kwenye fizi. Ndiyo maana kwa meno yanayoonekana ukicheka wengi huchukua nyama ya ndani na kuifunika kwa fizi ya mwenyewe, njia iliyoenea baada ya Langer na Langer kuiandika mwaka 1985. Ile ya kuchuna ni ya zamani zaidi, ya miaka ya 1960, na hutumika zaidi pale panapotakiwa uimara kuliko sura. Meno ya chini mbele ndiyo mahali pake hasa. Mleta uzi alifanyiwa kilichostahili mara zote mbili.

Ile fizi kupanda yenyewe si miujiza wala hukuota. Inajulikana, imeandikwa tangu miaka ya 1960, na huonekana zaidi kwa vipande vya kuchuna, meno membamba ya chini. Inaweza kutokea, inaweza isitokee. Asikuahidi mtu.

Kwa nini wengine hufunikwa mzizi wote na wengine nusu? Angalia kati ya jino na jino. Pale kwenye pembetatu ya fizi. Kama mfupa na ile pembetatu bado vipo, mzizi wote unaweza kufunikwa. Kama ugonjwa wa fizi umeshakula mfupa wa katikati, hata mikono ya dhahabu itafunika sehemu tu, kwa sababu fizi hukaa juu ya mfupa, haielei. Daktari mkweli atakuambia hilo kabla hajachukua kisu.

Neema, kuhusu kuacha: kuna watafiti wa Italia waliolinganisha sehemu zilizopandikizwa na jino lilelile la upande wa pili wa mdomo ambalo halikuguswa, kwa wagonjwa walewale, kwa miaka kati ya 18 na 35. Upande uliopandikizwa ulikaa imara, hata ukaongezeka. Upande ulioachwa, kwa ujumla, uliendelea kushuka polepole. Hiyo haina maana kila fizi iliyoshuka ipelekwe kwenye kisu. Ina maana ukiamua kuacha kisu, usiache kuifuatilia fizi.

Ndimi Yule

Mimi ndiye niliyeacha. Miaka 11 sasa. Magego mawili na chonge moja, milimita 2 kila moja. Nilibadilisha mswaki ukawa laini, nikaacha kusugua kwa kwenda na kurudi, na kila baada ya miezi sita ninapimwa na namba zinaandikwa. Namba hazijabadilika. Daktari ananiambia siku zikibadilika tutaongea. Mshika Taa amesema sawa, mimi naishi na kijiti chenye alama kama wengine wanavyoishi na mizani.

Mkaa Mweusi

Samahani wakuu lakini hii yote ni biashara. Fizi ikishuka unasugua mkaa uliosagwa asubuhi na jioni, unafunga na mafuta, inarudi yenyewe. Wazee hawakuwa na upasuaji na meno yao yalikuwa kama ya farasi.

Mshika Taa

Mkuu, farasi ndiye mnyama wa kutolea mfano mbaya kuliko wote hapa. Mtu akitaka kujua umri wake humfungua mdomo aangalie meno, na meno hayo huonekana kuwa marefu kadiri anavyozeeka.

Fizi iliyovimba kwa uchafu ukiisafisha inanywea na kukaza, na watu hudhani "imepona". Lakini fizi iliyokwisha kuuachia mzizi hairudi kwa mkaa, mafuta wala dua peke yake. Na mkaa ni msasa. Mzizi hauna ile enameli ngumu inayofunika sehemu ya jino iliyo nje ya fizi, unachongeka upesi sana. Nimeona meno yenye mkato kama shina lililopigwa panga, na mwenye meno anajivuna kwamba anapiga mswaki mara nne kwa siku.

Mkaa Mweusi

Basi sawa. Nilikuwa nachangia tu.

Moshi Mwingi

Mimi ndiye ile hadithi ambayo hamtaki kuisikia. Yangu ilikufa.

Nilikuwa navuta pakiti kwa siku. Daktari akasema acha wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada. Nikapunguza, nikajidanganya kwamba kupunguza ni ndugu yake kuacha. Siku ya pili baada ya operesheni nikavuta mbili dirishani, nikipuliza upande wa pili wa mdomo, eti moshi usipite pale. Akili za mvutaji hizo.

Siku ya nane kipande kilikuwa cha kijivu na kina harufu. Siku ya kumi na moja nilikuwa nasukutua taratibu, nikahisi kitu kimelegea. Kikatoka chote na uzi wake. Nilikishika kwenye kiganja, kidogo kama punje ya mahindi, nikakaa pale bafuni nakiangalia. Mzizi ukawa nje kuliko mwanzo.

Baadaye nilielezwa kwamba siku mbili tatu za kwanza kile kipande hakina mshipa hata mmoja wa damu. Kinaishi kwa majimaji yanayonyonywa kutoka chini, kama mche uliotoka kuhamishwa. Mishipa mipya ndiyo kwanza inaanza kuingia. Nikotini inabana mishipa midogo wakati huohuo inapohitajika kufunguka. Basi. Hakuna fumbo.

Niliacha kabisa, nikakaa mwaka na nusu, nikarudia. Hiyo ya pili ina miaka 4. Imefunika kama robo tatu ya mzizi na haijatetereka. Sijashika sigara tena, na nawaambia kweli, si mapafu yaliyoniachisha, ni kile kipande kwenye kiganja.

Msomaji Kimya

Dah.

Mama wa Mapacha

Pole sana Moshi Mwingi, na hongera kwa kuacha.

Mimi naleta habari ya binti yangu. Alipandikizwa akiwa na miaka 15, jino moja la mbele la chini, kabla hajafungwa vyuma vya kunyoosha meno. Fizi pale ilikuwa nyembamba kama karatasi, unaona umbo la mzizi kwa ndani, na ule ukamba wa mdomo wa chini ulikuwa unaivuta kila akiongea. Daktari wa vyuma alikataa kusogeza jino mpaka fizi iimarishwe. Sasa ana miaka 28. Kiraka kipo, cheupecheupe, yeye anakiita "stika". Hakijawahi kumsumbua. Pacha wake hakuwa na tatizo hilo, alivaa vyuma bila kupandikizwa na fizi zake nzima, kwa hiyo msidhani kila anayevaa vyuma lazima apandikizwe.

Neema ya Pili

Wakuu, nimerudi kama mlivyotaka. Leo siku ya sita.

Kumbe kiti si kibaya. Sindano za kaakaa ndizo zilinitoa machozi, zile mbili za kwanza, baada ya hapo ni mtu anafanya kazi mdomoni mwako na wewe unasikiliza vyuma. Usiku wa kwanza kaakaa lilivuja damu, nikaogopa nikataka kukimbilia kwao, nikakumbuka karatasi ya maelekezo: kitambaa safi kilicholowa, bonyeza, dakika ishirini bila kufungua kuchungulia. Nilichungulia dakika ya tano, nikaanza upya. Ikasimama.

Siku ya tatu nilikuwa na shavu la mpiga tarumbeta. Leo limeshuka. Tatizo langu sasa: juu ya fizi kuna utando mweupe, kama karatasi iliyolowa, unamenyuka pembeni. Imekufa? Moshi Mwingi hadithi yako inanizunguka kichwani. Nimemulika kwa taa ya simu labda mara kumi leo.

Chonge la Kushoto

Neema, weka simu chini. Kila ukivuta mdomo kuangalia unavuta na mshono. Mimi siku ya tano nilimulika usiku wa manane, nikaona ngozi nyeupe inatoka, nikamwamsha mke wangu nikamwambia imeoza. Ilikuwa ni tabaka la juu tu linajivua, chini yake pako pekundu na hai. Asubuhi daktari hakushtuka hata kidogo.

Moshi Mwingi

Yangu ilikuwa kijivu kilichokoza, harufu unaisikia mwenyewe, na kipande chote kinacheza ukikigusa kwa ulimi. Yako haichezi, sivyo? Lakini wapigie wakuone, usisubiri jukwaa likuambie.

Mshika Taa

Nakubaliana na wote wawili. Piga simu, na acha kumulika. Na kama umepewa ile dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, tumia kwa siku ulizoandikiwa tu. Ikikaa muda mrefu meno yanapata madoa ya kahawia na ulimi unapoteza ladha. Madoa yanasafishwa, usije ukayasugua mwenyewe ukarudi tulikotoka.

Neema ya Pili

Nimepiga, nimeonwa. Kiko hai. Daktari ametumia neno "pazuri" mara mbili. Nyuzi zinatoka wiki ijayo. Sipigi mswaki pale kwa wiki tatu, na bado mkono unaelekea hukohuko wenyewe.

Mwanamke wa Kioo

Ikituna usilie mwaka mzima kama mimi. Utachongwa.

Zamu ya Usiku

Neema, kitu kimoja ambacho hakuna aliyenieleza: miezi miwili mitatu ya mwanzo mdomo wa juu ulikuwa mzito, kama fizi imefupishwa, ukicheka unahisi kitu kinavuta. Kilipotea bila mimi kujua siku gani.

Neema ya Pili

Miezi minane. Najua mlidhani nimepotea kama wale wa siku ya tatu.

Nimetoka kupimwa asubuhi hii. Meno mawili yamefunikwa yote. La tatu, lile la nyuma, limebaki milimita moja nje, na daktari alishaniambia mapema kwamba pale mfupa wa katikati ulikuwa umepungua, kwa hiyo sikushtuka. Baridi bado inachoma hapo hapo kwenye hiyo milimita moja, si kama zamani, ni kama mtu anakugusa bega kukukumbusha. Halikutuna. Rangi inakaribiana, isipokuwa mstari mmoja mwembamba mweupe, kovu la pale fizi ilipokatwa, ambao naujua mimi na daktari.

Kaakaa, lililokuwa linaninyima usingizi: daktari aliniuliza nilikatwa upande gani, anataka kuandika. Nikapeleka ulimi kutafuta. Nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto. Ikabidi asome faili.

Na mleta uzi, mswaki niliouanza mwezi wa tano baada ya operesheni una miezi mitatu sasa. Nywele zake bado zimesimama wima, zote. Nimeuweka juu ya faili nimeupiga picha.

Kiti cha Mwisho

Hatimaye picha. Iko wapi?